Suruali ile niliishona mimi

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika hapa juma lililopita kwamba mchezo wa kuigiza wa vijana wetu wa Kaptembwo umewadhalilisha wanaume. Mimi ni fundi cherehani, na suruali ya mhusika mkuu niliishona mwenyewe, kwa hivyo naomba nafasi nimjibu.

Katika mchezo huo, mwanamume anashuka kwenye matatu saa mbili usiku. Wanawake watatu wanamvamia. Akienda kuripoti polisi, afisa wa kike anamuuliza: Suruali ilikubana? Ulitoka wapi saa hizo? Mbona ulimchekea makanga? Mkeo anajua? Kugeuza mambo hivi si kupya. Éléonore Pourriat wa Ufaransa alifanya hivyo mwaka 2010 katika filamu ya dakika 10 hivi. Lakini maswali ni ya hapahapa Nakuru. Vijana hawakutunga hata moja. Waliyakusanya kwa mama na dada zao, na mawili waliyapata kwangu.

Miaka mingi iliyopita niliketi mbele ya meza ya polisi kama ile ya mchezoni, baada ya kuvamiwa. Sketi yangu nilikuwa nimeishona mwenyewe, kitambaa cha kijivu, urefu inchi 28, imepita magoti. Niliulizwa habari za sketi kabla sijaulizwa sura ya aliyenivamia. Nikataja vipimo vyote, huku natetemeka.

Ukumbini wanaume walicheka mpaka swali la tatu. Lilipokuja la mkeo, kimya. Mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia, akaishika magotini mpaka mwisho. Msomaji anasema walidhalilishwa. Mimi niliona watu wanasikiliza.

Kinachoniuma mimi ni kile kicheko cha mwanzo. Wanaume nao huvamiwa. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inasema "mtu", haisemi mwanamke. Kesho yake baada ya mchezo alikuja kijana kibandani kwangu akisema anataka kupimwa shati. Alikaa karibu saa nzima, akaondoka bila kupimwa. Sikumuuliza neno. Nimewaomba vijana watafute njia ya kuanza mchezo bila kuchekesha.

Sasa wanatafuta nafasi ya kuuigiza mbele ya maafisa wanaoandika ripoti hizo vituoni. Tafadhali wapewe. Na msomaji akipita Kaptembwo, suruali iko kwangu, kiuno 34, imeachwa nafasi mapajani. Aje aishike aone kama inabana.

Fundi cherehani,
Kaptembwo, Nakuru