Reli mpya Kusini isije kuwa ya mzigo mmoja

Mhariri,

Kila inapotangazwa habari ya reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, watoto wangu huniuliza kama ni kweli treni iliwahi kufika Nachingwea. Nawapeleka kwenye tuta. Mgeni ataona mwinuko wa udongo tu unaokatiza mikorosho, na sisi wenyewe tumeugeuza njia ya shamba. Babu yangu alikuwa kibarua wa kulaza mataruma. Alipokuwa akinieleza uzito wa chuma kilichoshinda juani, alikuwa akikunjua viganja vyake, na mimi mtoto nikielewa.

Reli ile ililetwa na karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Mashine zikaja kung'oa msitu kabla mvua na udongo wa huku havijafahamika vizuri. Reli ikaanzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikapitia Ruo kuja Nachingwea, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara iliyofunguliwa 1954. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umevunjwa tangu mapema 1951, umeshateketeza pauni milioni 36 hivi. Bandari imekamilika, reli imefika, karanga hazipo! Tawi la kwenda Masasi lilijengwa hata hivyo. Mwaka 1962, tumeshapata Uhuru, njia yote ikafungwa kwa kuwa ilikuwa ikiendeshwa kwa hasara, kisha vyuma vikang'olewa.

Watu hawakung'oka. Farm 17, jina la shamba la mpango ule, bado tunalitaja, na ndipo wapigania uhuru wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walipopata mafunzo, Samora Machel akiwa miongoni mwa viongozi wao. Huo ni urithi mkubwa kwa mji mdogo kama huu. Leo tunaishi kwa korosho, ufuta na mbaazi. Msimu wa korosho ukifika, magunia hujaa maghalani yakisubiri mnada, halafu ni malori, usiku na mchana, kuelekea bandarini. Huko barabarani yanakutana na malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Anayesafiri na mtoto mgonjwa kwenda hospitali ya mkoa anapishana nayo yote hayo.

Ndiyo maana naitaka reli mpya kwa moyo wote, na ndiyo maana nina hofu nayo. Kila ninaposikia ikielezwa, natajiwa chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, huko Ludewa. Sipingi, mzigo huo ndio utakaolipa gharama. Ila ile ya kwanza ilibuniwa kwa zao moja, na zao lilipokufa hakuna aliyeuliza vijiji vilivyokuwa kando yake vinahitaji nini. Naomba wapangaji waseme mapema, kabla ya kupima njia: stesheni za abiria zitakuwa wapi, maghala ya vyama vya msingi yataunganishwaje, na sisi wa Nachingwea, tulio nje ya barabara kuu, tutaifikia vipi.

Ombi la pili halihitaji fedha nyingi. Halmashauri zetu ziweke vibao mahali zilipokuwa stesheni, Mkwaya, Ruo na hapa, na walimu wa historia wapeleke wanafunzi kwa wazee wakiwa na daftari. Mtaani kwetu yuko mzee aliyeipanda treni ile akiwa mtoto. Macho yamepungua nuru, lakini ukimshika mkono mpaka pale, bado anaonyesha kwa fimbo yake behewa lilikuwa likisimama wapi.

Mkazi wa Nachingwea,
Lindi