Yah: Malalamiko ya kuondolewa kwa mgonjwa aliyekwisha kuandaliwa kwa upasuaji wa jicho tarehe 1 Machi 2024

Meneja Mkuu,
Kliniki ya Macho,
Dar es Salaam.

11 Machi 2024

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sina haja ya kukueleza kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni kitu gani, wala kwamba kilianza kutumika siku hiyohiyo ya Ijumaa, tarehe 1 Machi. Wenye mkataba na Mfuko ni ninyi, na bei zilizobadilika kwenye kitita hicho, yaani zile ambazo Mfuko unawalipa, ni za huduma zenu. Kama bei hizo haziwalipi, hilo ni shauri lenu na Mfuko, na huenda mna hoja. Ninachoandikia ni kwamba shauri hilo mliliamulia juu ya kichwa cha mke wangu, mwenye umri wa miaka 64, akiwa ameshavaa gauni la chumba cha upasuaji.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni. Muuguzi alikuwa amemdondoshea dawa ya kutanua mboni mara tatu, akamvika kofia ya kijani, akamchora kwa kalamu ya wino mshale mdogo juu ya nyusi ya kushoto ili daktari asikosee jicho. Ndipo alipokuja mtumishi wenu wa malipo, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nilipokuwa mimi, nje ya pazia: "Mama, kadi yako hatuipokei tena, mkataba umebadilika kuanzia leo. Ni milioni moja na laki nne, au uwapishe wengine kiti." Wagonjwa wengine wanne walikuwepo.

Nilipoomba kuonana na msimamizi nilisubirishwa dakika arobaini, kisha nikaambiwa, "Mzee, taarifa ilishatolewa." Ilitolewa kwa nani? Jioni ya Alhamisi, tarehe 29 Februari, simu yangu ilipokea ujumbe wenu unaotukumbusha tufike saa moja asubuhi na tusisahau kadi ya bima. Ujumbe huo bado ninao. Kwa hiyo hadi usiku wa kuamkia siku ya upasuaji kadi ilikuwa inatakiwa, na saa nne asubuhi ikawa haifai.

Tena msiseme hamkumfahamu mgonjwa. Jicho lake la kulia mlilitoa mtoto wa jicho ninyi wenyewe mwezi Novemba mwaka jana, kwa kadi hiyohiyo, na kazi ilikuwa nzuri. Hilo nalikiri na nilimshukuru daktari ana kwa ana. Baada ya hapo mtaalamu wenu wa miwani aliing'oa lenzi ya kulia kwenye miwani yake ya zamani, kwa kuwa haikulifaa tena jicho lenye lenzi ya kupandikizwa, akasema miwani kamili itatengenezwa jicho la pili likishapona. Tangu siku hiyo anatembea na fremu yenye kioo kimoja, na kioo chenyewe kipo mbele ya jicho lenye ukungu. Ameishi kwa kushona sare za shule, na sasa uzi anatungiwa sindano na mjukuu wa darasa la tatu. Kazi mliyoifikisha nusu ni yenu, na kuimaliza ni juu yenu.

Narudi kwenye kiti kile, kwa sababu sijasema lililoniumiza zaidi. Mtumishi wenu alipotaja kadi, mke wangu alidhani anaombwa kadi. Kwa dawa mliyomtia na ukungu uliokuwepo tangu awali, jicho la kushoto lilikuwa halimsaidii kitu, na la kulia lilikuwa bado halijapata lenzi yake ya miwani. Akaitoa kadi kwenye mkoba, akainyoosha kwa mikono miwili, kwa adabu, kumpa mgonjwa aliyekaa pembeni yake. Yule mama wa watu akaipokea, akabaki ameishika hajui afanye nini. Mtumishi wenu aliona. Hakusogea hatua moja kuichukua, wala hakumwambia mke wangu kwamba amekosea mtu. Alirudia tu kile kiasi, milioni moja na laki nne, kana kwamba hajasikika mara ya kwanza. Niliingia ndani ya pazia bila ruhusa, nikamshika mke wangu mkono, nikamtoa. Hakuna aliyetupa hata kipande cha karatasi cha kukinga jua. Tulitoka saa tano mboni yake ikiwa imetanuka, akajifunika khanga usoni ndani ya daladala hadi Mbagala, na ule mshale juu ya nyusi aliufuta mwenyewe jioni kwa sabuni ya kufulia.

Jumatatu iliyofuata nilipiga simu mara tatu. Mara mbili niliambiwa mhusika yuko kwenye kikao, na ya tatu ilikatwa.

Kuna jambo jingine, nalo naomba ulisome taratibu. Asubuhi ile, kabla ya dawa ya macho, mapokezi waliihakiki kadi, ikakubali, na mke wangu akatakiwa kutia saini fomu ya madai. Saini ya mgonjwa ni uthibitisho kwamba amehudumiwa. Alihudumiwa nini? Kama fomu ile imekwenda Mfuko na ndani yake yameandikwa malipo ya upasuaji, basi hatuzungumzii tena lugha mbaya kwa wagonjwa.

Nimefundisha shule za msingi za Serikali hadi nilipostaafu mwaka 2019, na tangu Mfuko uanze mwaka 2001 nilikatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi, mwajiri akaongeza asilimia 3 nyingine, ili mimi na mwenzangu tutibiwe uzeeni. Sikuja kwenu kuomba msaada.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mambo mawili tu: mke wangu aombwe radhi kwa maandishi, na apangiwe tarehe ya upasuaji bila kudaiwa fedha ya ziada. Sasa naongeza nakala ya fomu aliyoisaini, pamoja na majibu ya vipimo vya jicho la kushoto mlivyovifanya mwezi Februari, ili iwapo mtashindwa kumtibu, hospitali nyingine isianze upya. Miwani kamili mliyoahidi nayo naidai.

Nilikusudia pia kuwapa siku kumi na nne. Nimeisoma barua hii mbele ya mke wangu kabla ya kuifunga, na nilipofika pale pa kadi akaniomba niruke. Kwa hiyo ni siku saba. Ikifika Jumatatu tarehe 18 Machi sijapata majibu yenye saini yako, nakala itapelekwa kwa mkono Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi na Baraza la Madaktari Tanganyika, ikiambatana na ule ujumbe wa simu, na fomu ya madai nitaiomba huko huko Mfuko.

Wako,

Mwalimu mstaafu,
kwa niaba ya mke wangu, mgonjwa wenu tangu Novemba 2023.