Barua kwa Mwanangu: Jinsi Mgeni Alivyokufa

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu, na nakupa pole ya kumuuguza Nyota. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye mstari uleule, pale ulipoandika kwamba humwombei jambo jingine ila aondoke usingizini, kimya kimya, kama alivyoondoka mbwa wetu Mgeni. Mstari huo ndio ulioniketisha mezani usiku huu. Mgeni hakufa usingizini, mwanangu. Nilikudanganya, na sasa unamsubiria mbwa wako mgonjwa kifo ambacho ni mimi niliyekitunga.

Nitakueleza yote, ila niruhusu nianzie mbali kidogo, kwa sababu sitaki umkumbuke kwa saa yake ya mwisho peke yake.

Ulikuwa na miaka minane ulipoingia ndani mbio, bila viatu, ukilia, ukaniambia kuna mbwa mferejini anayeliwa na kamba. Sikukuelewa mpaka nilipofika na kumwona mwenyewe. Mtu fulani alimfunga kamba shingoni akiwa mdogo, kisha hakuilegeza tena. Mbwa akakua, kamba haikukua, na nyama ikaanza kuifunika. Daktari wa mifugo alimtia dawa ya usingizi ndipo akaikata na kuitoa kipande kwa kipande, akamng'oa kupe waliojaa masikioni, akayatazama meno yake na kukisia kwamba ana umri wa miaka miwili hivi. Nilikukataza kumgusa, nawe ukaninunia. Sikujali, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na hatukujua chochote kuhusu alikotoka mnyama yule. Nilisema atakaa mpaka apatikane wa kumchukua. Kwa hiyo tukamwita Mgeni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alikuwa bado amejibanza nyuma ya pipa la maji, na chakula alikila usiku tu, sote tukiwa tumelala. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi wa Mgeni ulikuwa fagio: nikilishika tu, mkojo ulimtoka palepale alipo. Daktari alinieleza kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake ndipo mtoto wa mbwa hujifunza kuwa binadamu si adui, na kwamba aliyepitwa na kipindi hicho, au aliyekipitisha kwa kupigwa, huchukua muda mrefu sana kujifunza tena. Mimi nilijaribu kumwita, kumbembeleza, kumnyooshea mkono, na kila jaribio lilimsukuma mbali zaidi. Wewe hukujaribu lolote kati ya hayo. Ulikaa chini kwenye sakafu, ukampa mgongo, ukaanza kusoma kazi zako za shule kwa sauti, na jioni iliyofuata ukafanya vivyo hivyo, na iliyofuata pia.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona akitoka nyuma ya pipa tumbo likiburuta sakafuni, akasimama, akarudi nyuma, akaja tena, kisha akaweka kidevu chake juu ya kisigino chako. Hukugeuka. Sauti yako ilitetemeka kidogo, lakini ulimaliza ukurasa mzima. Sijui nani alikufundisha hivyo, si mimi.

Miaka kumi na mmoja iliyofuata unaijua kama ninavyoijua. Unajua alivyolala kila alasiri pua yake ikiwa kwenye kizingiti mpaka viatu vyako vya shule vipite, na alivyoendelea kulala pale ulipokwenda chuo, kwa saa ileile, ingawa hakuna viatu vilivyopita. Fagio aliliogopa mpaka mwisho. Nataka ulikumbuke hilo pia, kwa sababu watu hupenda kusema kwamba upendo huponya kila kitu, na mimi nilimpenda sana mbwa yule, na fagio aliliogopa mpaka mwisho.

Lazima nimtaje pia yule mtoto wa mbwa tuliyemwokota kwenye mvua ulipokuwa na miaka kumi na miwili, ambaye alikaa nasi siku tano tu. Alikuja akiwa tayari ameambukizwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, akatapika na kuharisha damu, na maji yote ya dripu hayakutosha. Ulikuwepo alipokata roho. Ulikaa wiki mbili bila kuzungumza mezani, ukaniambia hutapenda tena kitu chenye pumzi. Nilikuwa nimekuruhusu ukeshe naye nikiamini kwamba nakufunza ujasiri, na nilipokuona umekauka namna ile niliapa moyoni kwamba sitakuonyesha kifo kingine kama naweza kukuepusha nacho. Uongo wangu ulianzia hapo, miaka saba kabla sijausema.

Mgeni alianza kwa kunywa maji mengi. Bakuli nililozoea kulijaza asubuhi lilikuwa tupu kabla ya adhuhuri, na mimi nikalaumu joto. Nilipompeleka kupimwa damu, daktari aliniambia kwamba mbwa anapofika hatua ya kunywa na kukojoa kiasi hicho, takriban theluthi mbili ya uwezo wa figo zake umekwisha kupotea, nao haurudi. Tulimpa chakula cha wagonjwa wa figo, nikajifunza kumwekea maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo, na kwa njia hiyo tulipata miezi saba, mitano kati yake ikiwa mizuri kweli. Wewe ulijua kwamba anaumwa. Hukujua ni kwa kiasi gani, maana katika simu nilikuwa nikikupa habari za siku zake njema tu.

Wiki ya mwisho alitoka vidonda mdomoni, pumzi yake ikawa na harufu kali ya mkojo, na akakataa hata kulamba kidole changu nilichokichovya kwenye mchuzi. Nilimuuliza daktari itachukua muda gani mpaka aende usingizini. Alinijibu kwa upole kwamba ni mbwa wachache wanaokwenda hivyo, na kwamba ambaye figo zimemshinda kwa kawaida hubaki akisikia kichefuchefu, akikauka, akidhoofika, wengine wakishikwa na degedege, siku baada ya siku. Alisema yuko tayari wakati wowote nitakapoamua. Nami nikamwambia nitasubiri.

Nilisubiri siku nne. Naziandika siku hizo hapa kwa sababu ndizo zinazoniuma kuliko sindano yenyewe. Siku ya nne alijikojolea kwenye blanketi lake, akajaribu kusogea ili asilale juu ya unyevu, miguu ikakataa, akageuza uso ukutani. Mbwa aliyekuwa akijificha ili asitusumbue, mwisho wake nilimfanya anisubiri mimi.

Daktari alikuja nyumbani. Kwanza alimchoma dawa ya kumtuliza, na baada ya dakika chache kichwa cha Mgeni kikawa kizito mapajani mwangu, kizito kama alivyokuwa akilala zamani baada ya kukimbia. Alimnyoa manyoya kidogo mguu wa mbele, akaupata mshipa, akasukuma dawa taratibu. Ni dawa ya jamii ya zile za usingizi, kwa kipimo kikubwa; huuzima ubongo kwanza, ndani ya sekunde chache, ndipo pumzi inaposimama na moyo kufuata. Nilikuwa nikimsemesha kuhusu wewe. Aliweka kifaa cha kusikilizia kifuani, akasubiri, akatikisa kichwa. Macho hayakufumba. Dakika moja baadaye kifua kilipanda kwa pumzi moja kubwa, nami nikapiga kelele, na daktari akanishika bega akaniambia kwamba ni misuli tu, kwamba Mgeni hayupo tena. Nakueleza haya ili, yakitokea kwa Nyota, usidhani amerudi, wala usidhani anaumia.

Uliponipigia simu jioni ile, ulikuwa umebakiza mitihani miwili. Nikakumbuka zile wiki mbili za ukimya mezani. Nikakuambia nimemkuta asubuhi amelala kama kawaida, na kwamba nimemzika na blanketi lake. Ulilia, ukamshukuru Mungu kwamba hakuteseka, na baada ya shukrani ile sikuweza tena kuurudisha ulimi. Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nimekupunguzia mzigo, kumbe nilikuwa nimekupa kipimo cha uongo ambacho leo unampimia mbwa mwingine.

Sasa kuhusu Nyota. Unasema watu wanakushangaa kwamba ulikwenda kwenye kituo cha mbwa walioachwa, ukawapita watoto wa mbwa wanaorukaruka, ukamchagua bibi wa miaka kumi na miwili ambaye familia yake ilihama ikamwacha. Mwaka mmoja baada ya Mgeni kufa nilisoma habari za kaburi lililofukuliwa mwaka 1914 huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn, Ujerumani. Ni kaburi la mwanamume na mwanamke, la kadiri ya miaka 14,000 iliyopita, na pamoja nao kulikuwa na mifupa ya mbwa mchanga. Wataalamu walipoyachunguza meno yake waligundua alama za ugonjwa wa distempa, ugonjwa ambao kwa wiki kadhaa ulimwacha hoi, na wakasema asingeweza kuishi muda ule bila mtu wa kumpa maji, kumsafisha na kumpa joto. Hakuwafaa kwa kuwinda wala kwa kulinda. Hata hivyo walimuuguza, na alipokufa hawakumtupa. Nililia sana nilipoisoma habari hiyo. Wanaokushangaa, mwache kila mmoja na mshangao wake.

Ninachokusihi ni kwamba usimsubirie usingizi. Daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, ametunga kipimo ambacho natamani ningekijua mapema: unampa mgonjwa alama kati ya 0 na 10, kumi ikiwa ndiyo hali njema kabisa, kwa maumivu na pumzi, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Jumla ikizidi 35, bado maisha yanabebeka kwa uangalizi. Jaza kila jioni, andika kwenye daftari, wala usimpe alama za huruma. Mimi siku zile nne ningemwandikia Mgeni kumi na moja, labda kumi na mbili, na namba hiyo ingenisemesha pale macho yangu yalipokuwa yakinidanganya. Mwombe daktari wako akueleze mapema jinsi atakavyofanya, na kama anaweza kuja nyumbani. Na ukiweza, uwepo. Usiniige mimi niliyekunyima nafasi hiyo kwa Mgeni, ilhali wewe ndiwe uliyemtoa nyuma ya pipa.

Una haki ya kunikasirikia, nami sitakuharakisha. Ila usiku ukikulemea nipigie, hata kama bado una hasira.

Nitafika Jumamosi. Sitamshika Nyota mpaka mwenyewe aamue. Nitakaa sakafuni, nimpe mgongo. Na lile blanketi, mwanangu, sikumzika nalo. Nililifua, nikalikunja, liko kabatini kwangu tangu siku ile. Umeandika kwamba Nyota hutetemeka alfajiri. Nitakuja nalo.

Mimi,
Mama yako