Watu wa kilti, angalieni pini zenu
Habari za jioni wapendwa, wale mnaovaa kilti (zile sketi za sufu za wanaume wa Kiskoti) Jumamosi kwenye harusi hapa Glasgow naomba msome hii hadi mwisho maana ni za kukodi na pini, lile pambo la kuchomeka mbele ya kilti, ikidondoka tunalipa sisi. Pini inakaa chini upande wa kulia, karibu na ule ukingo wenye nyuzinyuzi, na unachoma kitambaa cha juu TU, ukishikanisha na cha ndani kilti inavutwa inakaa hovyo na mkianza kurukaruka kwenye zile densi za Kiskoti inachanika, na sufu ile si bei ya mtumba 😅

Sasa kile kishikizo cha pini kikilegea kinaachia chenyewe, kwahiyo kikaze taratibu na koleo, alafu sindano ikishatoka kwenye kitambaa ivishe kile kimpira cha nyuma ya hereni ndo ufunge, dada zetu wanavyo vingi waombeni. Huna kimpira? Uzi mweusi unatosha, funga kwa ndani usionekane.

Mwenye pini ya kurithi kwa babamkwe, mi nashauri uivue kabla ya densi. Basi linaondoka saa nne asubuhi, jikagueni kabla ya kupanda