Miembe ya Bungi

Fuoni, Unguja

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Barua yako juu ya mchoro wa ule mwembe wa shambani kwenu imenifikia. Unasema umetoka kama kabichi juu ya gogo na unataka kuuchana. Usiuchane, tafadhali. Na mimi nilikwama papo hapo.

Kipupwe hiki nimekwenda Bungi mara nne, kwenye miembe ya Bi Khole. Unaikumbuka: gari ikishaipita Tunguu, mara barabara inaingia kivulini, miembe huku na huku. Bi Khole, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alikuwa na shamba pale, na miembe imebaki na jina lake. Lakini mashamba ya zama zile yalilimwa na watumwa, na majina ya hao hatunayo. Kila nikiligusa shina kwa brashi nawawaza.

Siku ya kwanza nilichora majani, jani baada ya jani, kwa kijani kama kilivyotoka kwenye tyubu. Nikapata kabichi. Siku ya pili nikafinya macho mpaka majani yakapotea, yakabaki mafungu ya kiza na mafungu ya mwanga tu. Basi nikaanza na kiza: buluu na hudhurungi, maji mengi, na kabla haijakauka nikadondoshea manjano upande wa jua. Pale mbingu inapochungulia baina ya matawi sikugusa, nikaacha karatasi nyeupe. Mti ukapumua, wallahi! Yale majani machanga mekundu nikayatia mwisho kabisa, machache.

Na shina usilipake hudhurungi. Lisogelee ulitazame: ni kijivu chenye mabaka meupe, na chini ya matawi kinaingia zambarau. Nenda saa moja asubuhi, saa tatu uwe umemaliza. Jua la utosini linaua umbo lote.

Bado miembe yangu ilionekana midogo kama mipera. Siku ya tatu ikapita gari ya ng'ombe imebeba makuti. Nikaichora mbiombio chini ya shina, ng'ombe hazidi ukucha wa kidole cha mwisho. Hapo miembe ikasimama, mikubwa kama ilivyo. Mkono ulinitetemeka.

Kuna miembe iliyokwisha kuanguka, safu ina mapengo. Mwanzo niliyaziba kwa miti ya kichwani mwangu, moyo ukakataa. Mara ya nne nikaacha pengo moja lilivyo. Jua limepenya pale limelala njiani, na katika karatasi nzima hapana ninapopapenda kuliko hapo.

Wewe una ng'ombe wa ami yako pale pale shambani. Mfunge chini ya mwembe, uanze upya.

Akija mtu na boti mpe michoro yote miwili, huo wa kabichi pia nautaka. Bi Mkubwa mwambie nampa shikamoo.

Wako,
Raya