Paneli za kuvutika: na kukunjua je?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia neno. Ile habari ya paneli za sola za vyombo vya angani, zinazokunjika na kuvutika kama mpira, nimeshindwa kuivumilia. Mwandishi kasifu wepesi, kasifu udogo wa furushi ndani ya roketi, basi, kamaliza. Na kukunjua je?

Kukunja si hoja. Balaa huanza zikishafika juu. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 na paneli laini za kuviringishwa. Kila ilipoingia au kutoka kwenye kivuli cha Dunia, fito zake zilipinda kwa mabadiliko ya joto, darubini nzima ikatetemeka. Zikabadilishwa 1993, na 2002 wakaishia kuweka paneli ngumu! Mwaka 2007 paneli ya Kituo cha Kimataifa cha Anga ilichanika ikikunjuliwa, ikabidi mwanaanga Scott Parazynski atoke nje kuifunga kwa vishikizo vya waya walivyojitengenezea humo humo kituoni. Mwaka 2021 chombo cha Lucy kikarushwa, na moja ya paneli zake za duara ikagoma kufunguka hadi mwisho. Na huko kuvutika mnakokushangilia, silikoni yenyewe, ile inayotengenezewa seli za sola, haivutiki ng'o. Kinachovutika ni nyaya zilizopindwa kimawimbi kati ya seli na seli, na kwenye obiti ya chini, yaani njia ya kuizunguka Dunia kwa karibu, ambako joto na baridi hupokezana takriban mara 16 kwa siku, nyaya huchoka. Hilo halikustahili hata mstari mmoja?

Mimi nilinunua paneli ya kukunja, ya kubeba mgongoni. Tangazo lilijaa sifa hizo hizo. Ikafa kwenye mkunjo. Muuzaji akanijibu kwamba nimeikunja vibaya! Kumbe warantii ilihusu kila kitu isipokuwa mkunjo. Siku hizi ukinunua hata tochi, nenda na wakili.

Ombi langu: habari nyingine ya namna hii isichapishwe mpaka mwandishi aseme paneli imekunjwa na kukunjuliwa mara ngapi, ndani ya tangi lisilo na hewa, kwenye nyuzi 100 chini ya sifuri. Na mchoraji wenu aelezwe kwamba seli hutazama jua. Kwenye picha yenu zimelipa mgongo.

Msomaji wenu wa siku nyingi