Kwa Mama Zuhura, kabla hujapasuliwa

Makorora, Tanga

Shoga yangu Mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza chumbani, mlango nimeufunga, maana wajukuu wamejaa sebuleni na mambo yenyewe unayajua. Nimeona nikuandikie, kwani ukipigiwa simu hapo kwako hakosekani mtu wa kutega sikio.

Umeniuliza moja kubwa: hiki kizazi kilichoshuka kikirudishwa ndani, hizi mbio za chooni za kubanwa na mkojo ghafla zitakwisha? Shoga, wengi hupungukiwa, wengine zikaisha kabisa, na wapo wanaobaki nazo vilevile. Wachache hawakuwa nazo wakazipata baada ya kupasuliwa. Sikutishi. Operesheni ifanye, mimi yangu siijutii hata kidogo. Ila uingie ukijua unatibiwa nini. Hapa mtaani nimemsikia mwenzetu akilalama kwamba wamempasua bure. Nilipomdadisi, kumbe kizazi kimekaa mahali pake vizuri, kinachomsumbua ni mkojo. Hayo ni maradhi mawili, ingawa yanapenda kufuatana.

Kwako wewe, kwa ulivyoeleza, kilichoshuka zaidi ni ukuta wa mbele wa uke, na kibofu kimeshuka nao. Kibofu kikiteremka, njia ya mkojo hupinda kama mpira wa kumwagilia uliokunjika. Unakojoa, hautoki wote, mara umebanwa tena. Na msuli wa kibofu, kwa kusukuma miaka na miaka penye kizuizi, huingiwa na papara, ukawa unajikaza wenyewe hata kabla hakijajaa. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500. Chenye papara kinakukimbiza kikiwa na vikombe viwili vitatu vya kahawa, hivi hivi vidogo vya hapa kwetu.

Ukuta ukirudishwa juu, njia inanyooka, na hapo ndipo wengi wanapopata nafuu. Lakini msuli uliozoea papara hautulii siku ile ile. Tena kuna papara isiyoletwa na kushuka kwa kizazi: umri, hedhi kukatika, UTI, sukari, dawa za presha zile za kukojosha. Hizo kisu hakizigusi. Kwenu sukari ipo, kwa hiyo pima kabla, na mkojo nao upimwe.

Kuna na la kikohozi. Wako wanawake ambao kizazi kikiwa kimeshuka hawavujwi, kumbe ule mpindo ndio uliokuwa ukizuia. Ukinyooshwa, chafya moja tu kanga imelowa. Hii si papara. Papara huja na kubanwa kwanza, tena ghafla, usipowahi umeadhirika. Hii nyingine huja ukicheka, ukikohoa au ukinyanyua ndoo, bila hata kubanwa. Dawa zake ni mbalimbali, kwa hiyo kliniki usiishie kusema mkojo unanitoka. Sema unatoka vipi. Na muulize daktari kama atakupima kikohozi kibofu kikiwa kimejaa, nyama zikiwa zimerudishwa ndani kwa mkono au kwa ile pete ya kushikilia kizazi. Ni jambo la dakika chache, na linawaonyesha mapema kilichojificha.

Chukua daftari la shule la Zuhura, andika siku tatu: umekunywa nini, umekwenda haja ndogo mara ngapi, usiku umeamka mara ngapi, umebanwa ukiwa unafanya nini. Mchana mara saba hivi si ajabu, usiku mara moja si ajabu. Mimi nilikuwa naona haya kusema mbele ya daktari kijana, nikampa karatasi akasoma mwenyewe. Hilo daftari usilitupe, baadaye utalitumia kulinganisha.

Sasa yangu. Siku za mwanzo niliwekewa mpira wa mkojo, ulipotolewa nikawa nasikia moto na kubanwa ovyo. Hilo hutokea, lakini likiendelea wapime UTI. Sikuruhusiwa kutoka wodini mpaka waone nakojoa mwenyewe na mkojo unaisha. Usiku siku hizi nalala, alhamdulillah. Kilichobaki ni pale ninapofika mlangoni na ufunguo mkononi, au nikisikia maji yanamwagika kwenye ndoo. Hapo hunibana kama sina miaka hamsini na kitu.

Nimefundishwa nisikimbie. Nasimama palepale, nabana ile misuli ya chini ambayo mtu huibana akizuia upepo, haraka haraka mara tano sita, mpaka mkojo uache kusukuma. Kisha natembea taratibu. Na mazoezi yenyewe: kubana na kuachia mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu kabla hujasema hayafai. Nesi alisema ni mazoezi ya Kegel, daktari Mmarekani aliyeyaandikia tangu 1948. Anza sasa, usingoje kupasuliwa. Baada ya operesheni subiri wakuambie lini uendelee.

Kahawa punguza. Na chai ya rangi. Najua nimekuudhi. Lakini maji usiyakimbie kwa kuogopa choo, maana mkojo mzito unakichokoza kibofu zaidi, na choo kigumu kitakufanya usukume, uharibu mshono.

Vidonge vipo kama papara ikigoma. Vya kundi la oksibutinini hukausha mdomo na kufunga choo, na kwa wazee vinaweza kuvuruga kumbukumbu. Mirabegroni ni ya namna nyingine, ila presha iwe imeshikwa kwanza. Vyote vinataka wiki kadhaa, usivitupe siku ya tatu.

Uliuliza na udhu. Ustadhati wangu anasema mwenye mkojo usiokatika hutawadha kila wakati wa sala unapoingia, akasali hivyo hivyo. Sisi ambao unatoka mara moja moja, tunajisafisha na kutawadha upya. Tarawehe mimi nasimama safu ya nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Kitu cha kukukimbiza hospitali usiku huo huo: mkojo kugoma kabisa kutoka, homa, damu nyingi, au mkojo kutiririka mchana na usiku bila kubanwa. Huo wa mwisho si papara, inawezekana pana tundu kati ya kibofu na uke.

Wiki sita hakuna ndoo, hakuna gunia, hakuna Baba Zuhura. Mwambie mapema, tena wewe mwenyewe, asije akaambiwa na dada zake.

Wakikupangia tarehe nijulishe, nije Bagamoyo nikupikie. Nitapita Msata. Basi likisimama kuchimba dawa nitashuka wa kwanza, konda aseme atakavyo.

Wako,
Mama Hamisi